Mbali na Wapi?

Liko neno moja dogo ambalo hutumika kila siku bila ya kupimwa, nalo ni neno "mbali". Kijiji fulani kiko mbali, kwa hiyo shule yake haina walimu wa kutosha. Kiko mbali, kwa hiyo mgonjwa hufia njiani. Kiko mbali, kwa hiyo kijana mwenye akili yafaa akikimbie mapema. Neno hili hupokewa kama zipokewavyo habari za mvua, yaani jambo lisilo na mwenyewe wala mlaumiwa. Nataka, msomaji wangu, tulipime pamoja, kwani juu yake limejengwa swali ambalo wengi wenu mtaulizwa kabla ya miaka mingi kupita: je, mtoto wa kijiji cha mbali akipata elimu, ana deni la kurudi kwao?

Tuanze mahali ambapo wasomaji wa Nairobi wanapajua. Soko la Burma, karibu na mitaa ya Shauri Moyo na Kaloleni, ni soko la nyama. Lakini jina lake ni la safari ndefu. Mwaka 1944 askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, na mwezi wa Desemba wakauvuka mto Chindwin. Waliorudi walirudi na jina la nchi ile, likakaa hapa baina ya mabucha na vibanda vya chai mpaka likazoewa kabisa. Leo mtu husema "nakwenda Burma" akarudi na ratili mbili za nyama kabla ya adhuhuri. Basi hata umbali wa bahari na milima waweza kuzoewa hadi ukaisha ulimini.

Simama sokoni hapo asubuhi moja, umwulize mchukuzi, au mwenye bucha, au mama auzaye chai: "Kwenu ni wapi?" Wengi hawatakutajia mtaa wanaolala. Watakutajia kijiji. Jambo hili lina asili yake. Baadhi ya mitaa ya upande huu wa mji ilijengwa wakati wa ukoloni kwa dhana kwamba Mwafrika ni mgeni mjini. Alipangishwa nafasi ya kitanda, si nyumba ya mke na watoto. Nguvu zake zikiisha, arudi alikotoka. Dhana ile ilikuwa dhuluma, na serikali iliyoileta imekwisha ondoka, lakini imeacha nyuma desturi ya kuishi mahali pamoja na kuitwa mtu wa mahali pengine. Kwa hiyo swali la kijiji si la watu wa vijijini peke yao. Liko pale sokoni pamoja na mizani.

Ili tusizungumze hewani, natwaa mfano mmoja: kisiwa cha Pate, katika Kaunti ya Lamu, na vijiji vyake vya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Nimekichagua kwa sababu mtu wa Nairobi hapati kwa urahisi mfano ulio mbali zaidi ndani ya nchi yake. Atakayekwenda huko kwa njia ya pwani atashuka Mombasa, apite Malindi na Garsen hadi Mokowe, hapo aiache nchi kavu. Akiondoka Amu kwa mashua kwenda Faza atapita Mkanda, mlango mwembamba wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara. Na Mkanda kwa miaka mingi haukuwa na haraka ya mtu. Maji yakitoka, chombo kilingoja. Mwenye pesa alingoja, na asiye na pesa alingoja, na mama mwenye uchungu wa kuzaa alingoja pia.

Huo ndio umbali kama uonekanavyo kutoka hapa. Sasa ugeuze ramani.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ambao bado husomwa katika madarasa ya Kiswahili. Wakati huo Nairobi haikuwa mji. Palikuwa na maji baridi na malisho ya Wamasai. Reli haikufika mpaka mwaka 1899. Miaka mia na thelathini kabla ya utendi ule, hukohuko Pate, Bwana Mwengo alikuwa amekwisha tunga Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1728. Siyu palikuwa na wanavyuoni, na wanakili wa Kurani, na mafundi wa ngozi; na katika miaka ya 1840 mji huo uliyarudisha majeshi ya Seyyid Said wa Unguja. Si mbali na Siyu yako magofu ya Shanga. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba pale katika miaka ya 1980 waliona misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya nane. Lau mtu wa Siyu wa wakati ule angeulizwa juu ya mahali hapa lilipo Soko la Burma, angejibu kwa haki kabisa kwamba ni porini, mbali, hakuna kitu.

Bahari haikusogea tangu siku zile, wala Pate haikuhama. Kilichobadilika ni maamuzi ya watu. Baadhi yake yalikuwa ya watu wa visiwa wenyewe, nami sipendi kuyafunika: Pate ilijichosha kwa vita vya ndani na vya majirani, na kushindwa kwake na watu wa Amu huko Shela, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, kulivunja nguvu zake. Mengine yalitoka nje. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilianzia Mombasa, na tangu hapo mizigo na ofisi vikaifuata Mombasa. Baadaye, kati ya mwaka 1963 na 1967, vita vya Shifta vikawafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara, wakakimbilia visiwani na kuacha mashamba. Mwaka 1982 uuzaji wa boriti za mikoko nje ya nchi ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilikuwa na hoja yake, kwani msitu wa mikoko ni kitalu cha samaki. Ila mkata boriti aliamka siku moja hana kazi, na majahazi yaliyozoea kupakia boriti kwenda Arabuni yakakosa shehena.

Tena tazama jambo la karibuni. Mwezi wa Machi 2012 ulizinduliwa mradi wa bandari kubwa ya Lamu, ambayo ni ya kuhudumia pia Ethiopia na Sudani Kusini, na gati lake la kwanza likafunguliwa mwezi wa Mei 2021. Bandari hiyo iko katika ghuba ya Manda, maji yaleyale ambayo wavuvi wa Pate hupita. Pwani ileile iliyokuwa mbali mno kwa daktari ikawa karibu vya kutosha kwa meli kubwa. Sisemi hivi kwa kuikebehi bandari. Huenda ikaleta heri nyingi. Nasema tu kwamba tangu hapo neno "mbali" halikubaliki tena kuwa jibu la mwisho. Anayelitumia aulizwe: mbali kwa nani, na kwa ajili ya nini?

Basi hoja ya wale wasemao "kule hakuna kitu" imepungua nguvu. Lakini nawatahadharisha na kosa la upande wa pili, ambalo waandishi wa insha hulipenda sana, la kukisifu kijiji kutoka kwenye kiti cha mjini. Kupwa na kujaa kwa maji kunapendeza kwa mtazamaji. Kwa mvuvi ni saa ya kazi. Wakati wa kaskazi bahari humruhusu. Kusi ikivuma, na mawimbi kuinuka nje ya miamba, mwenye dau dogo hukaa ndani ya mikoko akavua kidogo. Akipata kamba mawe, ambao Kizingitini inasifika kwao, hana budi kumwuzia tajiri mwenye mashua na barafu, kwa bei ya tajiri, kwani samaki hawezi kungoja bei nzuri. Maji ya kunywa katika baadhi ya vijiji ni ya mvua iliyokusanywa katika jabia, na mvua ikikosa, jabia huwa uwanja wa saruji. Mtoto afauluye mtihani huvuka bahari kwenda kusoma zaidi, na hapo ndipo swali letu huzaliwa.

Wazee husema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Ni methali nzito, lakini huiona ikitumika vibaya, kama fimbo ya kuwapigia vijana. Kurudi si jambo moja. Mwanamke aliyejifunza upasuaji, akirudi kijiji kisicho na chumba cha kupasulia, atakuwa amewarudishia wazazi mwili wake na kuuzika ujuzi wake. Kijana aliyerudi kwa sababu ameshindwa mjini, akakaa barazani akisimulia Nairobi, hajalipa kitu. Wala deni lenyewe si kama deni la dukani. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mwana anunue sare hakuandika daftari, na akianza kuliandika ameharibu zawadi yake. Tena si mzazi peke yake aliyetoa. Mlipa kodi wa Soko la Burma, ambaye hajapata kuiona bahari, amechangia mshahara wa mwalimu wa Faza.

Haya yote ni kweli, na kama ningekoma hapa ningekuwa nimempa kila kijana ruhusa ya kuondoka na dhamiri safi. Kuna kitu kinanizuia. Mwalimu haendi kisiwani kwa sababu hakuna nyumba njema ya kukaa. Nyumba haijengwi kwa sababu hakuna wenye mishahara. Barafu haipelekwi kwa sababu hakuna wa kuisimamia mashine, na asimamiaye mashine amekwenda Mombasa kwa sababu hakuna barafu. Kila mmoja ana udhuru, na udhuru wa kila mmoja ukiuchunguza ni wa haki. Lakini nyudhuru hizo za haki zikijumlishwa zinafanya kijiji kilichoachwa. Hapa ndipo ugumu wa jambo ulipo, nami nakiri kwamba sijui hesabu itakayougawanya ugumu huo na kumpa kila mtu fungu lake. Twajua kumlaumu mtu mmoja aliyetenda ubaya. Ubaya uliotendwa na watu elfu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekosa hatujui kuulaumu, kwa hiyo tunauita umbali.

Rai yangu mwenyewe, ambayo unaweza kuikataa, ni hii. Sioni kwamba aliyesoma analazimika kuishi alikozaliwa. Naona analazimika kutokuwa mmoja wa wale wanaokiamulia kijiji bila kukiuliza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua juu ya shauri lililoletwa na watu wa Lamu kuhusu ujenzi wa bandari niliyoitaja. Ikaona kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwa ni pamoja na haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni wao wa uvuvi. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu si fedha mkononi, na kati ya hukumu na mfuko wa mvuvi kuna Mkanda mwingine. Hata hivyo fikiria kilichohitajika ili shauri lile lisikilizwe. Walihitajika wavuvi wanaojua kila mwamba na kila bamvua, wasioondoka. Na walihitajika watu wanaojua lugha ya mahakama, ambayo haifundishwi ndani ya dau. Mmojawapo akikosekana, shauri linakufa. Kati ya hao, ni nani aliyekuwa mwaminifu kwa kijiji, aliyekaa au aliyeondoka kwenda kusoma sheria? Nadhani swali hilo halina maana, na kwamba mabishano mengi juu ya kurudi na kutorudi hayana maana kwa sababu hiyohiyo.

Msomaji mmoja labda amekuwa akitabasamu tangu mwanzo. Yeye hana kijiji. Alizaliwa Shauri Moyo, baba yake alizaliwa Pumwani, na kwao hawana shamba wala dau. Kwa hiyo anadhani mambo haya ni ya wenzake. Na atazame vizuri mtaa wake. Kijana wa hapo akifaulu, akapata kazi ya mshahara mnono, huhamia upande mwingine wa mji, kwenye miti na ukimya. Safari yake ni ya nusu saa kwa matatu, wala hakuna maji ya kungoja. Lakini baada ya miaka mitano hajui tena mfereji gani umeziba, wala ni nani aliyefukuzwa chumbani, na akitajiwa mahali alipokulia husikika akisema kwamba ni mbali kidogo siku hizi. Mwenye bucha aliyekuwa akimpa mama yake nyama kwa mkopo mwisho wa mwezi bado yuko palepale Burma, anafungua saa kumi na mbili asubuhi.