Israfu ya Joto na Haki ya Jirani

Swali la israfu, yaani matumizi yanayovuka haja, huulizwa mara nyingi kana kwamba ni swali la kiasi tu, ambapo aliyepoteza kingi huhesabiwa kuwa amekosa zaidi ya aliyepoteza kidogo. Udhaifu wa kipimo hicho hudhihirika katika uchaguzi unaomkabili kila mhandisi wa elektroniki, ule wa pawa saplai ya linia na pawa saplai ya swichi, ambazo zote mbili hupokea umeme wa volti nyingi na kutoa volti chache zilizotulia.

Katika ile ya linia, transista hushikiliwa katika hali ya nusu kufunguka, ikizuia volti zilizozidi na kuzigeuza kuwa joto. Ikiwa volti 12 zinashushwa hadi 5 kwa mkondo wa ampea 1, wati 5 hukifikia chombo na wati 7 huunguzwa bure, kwa hiyo ufanisi hauzidi asilimia 42 hivi. Hasara hiyo haitokani na uzembe wa fundi, kwa kuwa ni tofauti ya volti ikizidishwa kwa mkondo, na hata transista kamilifu isingeikwepa. Malipo yake ni utulivu, ndiyo maana waundaji wa vipaza sauti bora na vyombo vya vipimo bado wanaithamini.

Transista ya pawa saplai ya swichi, kinyume chake, haitulii katikati. Inapofunguka, mkondo hupita karibu bila volti kubaki juu yake. Inapofunga, volti hubaki lakini mkondo haupiti. Na kwa kuwa nguvu ni volti mara ampea, hasara katika hali zote mbili hukaribia sifuri. Hufanya hivyo makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, huku koili na kapasita zikilainisha mapigo hayo, na ufanisi wake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 80 na 95. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 iliweza kufanya kazi bila feni kwa sababu Rod Holt aliiundia pawa saplai ya aina hii. Hata hivyo, kufungua na kufunga kwa ghafla huzaa mawimbi yanayosafiri hewani na katika nyaya za nyumba, yakamfikia jirani kama mkwaruzo katika redio yake.

Hapa ndipo mtu huvutwa kusema kwamba linia ina uadilifu zaidi. Maulamaa wa Kiislamu hutofautisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki za waja, wakishikilia kwamba toba ya dhuluma haitimii mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe. Na joto, yaonekana, humuumiza mwenyewe tu, ilhali mkwaruzo humdhuru mwingine. Hoja hiyo inapendeza kuliko inavyostahili. Wati 7 zilizounguzwa zilizalishwa mahali fulani, pengine kwa kuchoma gesi au makaa, na moshi wake hufika mbali kuliko mkwaruzo wowote wa redio.

Tofauti ya kweli iko katika uwezekano wa kurekebisha. Hasara ya linia haiondoki maadamu volti hizo ni zilezile, kwa hiyo lawama, kama ipo, huangukia uamuzi wa mwanzo wa kuitumia pasipohitaji utulivu wake. Kelele ya swichi hupunguzwa kwa vichujio, yaani koili na kapasita zinazoyazuia mawimbi yasitoke, pamoja na kifuniko cha chuma. Elimu hii si ngeni: CISPR, kamati ya kimataifa inayoshughulikia mwingiliano wa redio, iliundwa mwaka 1934, kabla transista haijabuniwa.

Ikiwa hakuna wajibu pasipo uwezo, kama mwanafalsafa Kant alivyoshikilia, basi mkosaji mkubwa ni aliyeweza kuzuia dhara kwa gharama ndogo akaacha. Katika chaja nyingi za swichi za bei rahisi, bodi huwa imechorwa mahali pa koili ya kichujio, lakini pamewekwa kipande cha waya badala yake. Ni vigumu kudai kwamba hapo pana ujinga, kwa sababu aliyeichora bodi aliijua haja ya koili, na aliyeiondoa alijua anachokiondoa.