Dhana Ianze kwa Chuma

Fundi magari anaishi kwa kushuku. Gari likiingia gereji nashuku plagi, nashuku breki, nashuku mipira ya mafuta, nashuku na alichofanya fundi aliyenitangulia. Hakuna anayeniambia natenda dhambi. Lakini nikiielekeza dhana hiyo hiyo kwa binadamu, aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inanizuia: inatutaka tujiepushe na wingi wa dhana, kisha inakataza kupelelezana, kisha kusengenyana. Kwa nini basi kazi moja ya akili iwe riziki ya halali kwa chuma na iwe hatari kwa mtu?

Mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, ana Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, inayofanya kazi ya teksi. Siku zote ilikuwa ikienda kilomita 12 hivi kwa lita moja. Ghafla ikawa inakwenda 8. Dereva akaanza kuleta hesabu pungufu, akisema gari linakula mafuta. Mzee akaniletea gari asubuhi, dereva hayupo. "Fundi, wewe kagua tu uniridhishe," akaniambia. "Mgonjwa wangu namjua, ana miguu miwili." Barazani alikwisha kusema kwamba dereva anamwibia mafuta. Na alikuwa na mpango wa kumtuma kijana wa bodaboda amfuate dereva kutwa, aone mafuta yanauzwa wapi. Yote matatu yaliyotajwa katika aya yalikuwa yamekusanyika, kwa mtu asiyekosa safu ya mbele msikitini.

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na ndiyo maana iliniogopesha. Uchakavu, alisema, huja polepole. Kinachokuja ghafla kina mkono wa mtu. Kweli, ringi za pistoni huchakaa taratibu, na ulaji wa mafuta hupanda kidogo kidogo. Lakini gari la umri huo lina vitu vingi vinavyoharibika mara moja: breki ikishika isiachie, mpira wa mafuta ukipasuka, thamostati ikikwama wazi.

Nilijaza tangi mpaka pampu ikajikata, nikaliendesha mwenyewe hadi Muheza na kurudi, nikajaza tena kituo kile kile, pampu ile ile. Likala vile vile. Dereva alikuwa kwao, na mafuta yalikwenda. Nikashika rimu moja moja kwa mkono: hakuna iliyochemka, basi breki hazishiki. Chini ya gari pakavu. Nikafungua plagi, nikakuta masizi meusi makavu kwenye zote nne. Hapo gari lilikuwa limeanza kusema: nozeli zinamwaga mafuta kuliko hewa inayoingia.

Thamostati nikaikuta mahali pake, nikashukuru, maana mafundi wengi mtaani huing'oa wakidhani wanaiponya injini na joto, kumbe wanaiacha ikimbie baridi na kula mafuta. Geji ya joto kwenye dashibodi ilisimama katikati, kama kawaida. Hapa ndipo wengi hukomea. Injini hii ina sensa mbili za joto la maji. Moja inapeleka habari kwenye geji, kwa macho ya dereva. Nyingine inapeleka kwenye kompyuta inayopima mafuta. Ya kwanza inaweza kusema kweli huku ya pili ikidanganya. Sensa ya kompyuta, maji yakiwa na joto la sentigredi 20, huonyesha ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika 80, inatakiwa ishuke hadi kati ya 200 na 400. Injini ilikuwa imepata moto sawasawa, na mita yangu ikasoma 1,500. Kompyuta iliamini injini ndiyo kwanza imewashwa, ikawa inaiongezea mafuta kutwa nzima. Taa ya injini haikuwaka. Huwaka waya ukikatika, habari ikawa haiwezekani kabisa. Habari ya uongo inayoaminika, kompyuta hii inaipokea.

Imam Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, alisema kwamba tunapoona pamba ikiungua ilipoguswa na moto, jicho limeona kuungua pamoja na moto, halikuona kuungua kwa sababu ya moto. Ibn Rushd akamjibu kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe. Gerejini mimi ni wa Ibn Rushd, sina njia nyingine: joto 80 lina omu zake, na ikiwa sivyo sensa ni mbovu. Lakini mzee alipoona hesabu pungufu pamoja na dereva, akasema pungufu kwa sababu ya dereva, hapo alihitaji kumsikiliza Ghazali. Chuma nakiuliza na kinajibu chote kilichomo. Moyo wa dereva hauna jedwali la omu. Na sensa niliyoishuku bure nairudisha mahali pake, haijapoteza kitu. Mtu aliyeshukiwa bure hupoteza jina.

Nilimwambia mzee na jambo la pili, ambalo hakulipenda. Hata sensa ingekuwa nzima, nisingempa ushahidi aliokuja kuutafuta. Mimi kukosa ubovu wa gari si kuuona wizi wa mtu. Ni kuonyesha ufundi wangu ulipoishia tu. Mafuta huibwa, sikatai, lakini wizi unahitaji ushahidi wake wenyewe.

Sensa ikabadilishwa, gari likarudia kilomita 12. Mzee akalipa, akamkabidhi dereva ufunguo, hakusema neno. Anadai hakuna jeraha, kwa kuwa dereva hakusikia. Sikubaliani naye. Ghazali, katika Ihya, ameiita dhana mbaya usengenyaji wa moyo, na mtu akiibakiza moyoni anaweza kutubu faraghani. Hii ya mzee imeshatoka. Wazee wa pale barazani, wakitaka kwenda hospitali, humpita dereva yule wakapanda teksi ya nyuma yake, na yeye hajui kwa nini. Heshima yake imo vichwani mwao, si masikioni mwake. Nimemtaka mzee arudi barazani awaambie kwamba iliyokula mafuta ni sensa, wakati wote waliomsikia wamo. Amesema atafikiri. Ijumaa nitamuuliza tena.