Karamu ya Mataifa

Wako waulizao kama ni halali taifa lisilo tajiri kuwaandalia wakuu wa nchi nyingine karamu, na huku nyumbani wamo wenye njaa. Swali hili ni la haki.

Agosti 2019 ilikuwa zamu yetu kuukaribisha mkutano wa kila mwaka wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yenye nchi 16. Wakuu walikusanyika Dar es Salaam, naye hayati Rais Magufuli akapokea uenyekiti. Mwaka uliofuata, ugonjwa wa korona ulipofunga njia, Msumbiji ilipokea uenyekiti pasipo wageni kuketi pamoja. Wakuu walisemezana kwa mtandao, kila mtu katika nchi yake. Hapo hoja ya wanung'unikao ilipata nguvu: ikiwa mashauri yaweza kufanyika pasipo kuchinja, mbona tuchinje?

Tena wanalo neno la Bwana katika Luka 14, ya kwamba ufanyapo karamu usiwaite matajiri watakaokualika nawe, bali maskini na vilema. Na mkutano wa zamu ni kualikana kabisa! Lakini mimi naona neno lile lamhukumu mtu atafutaye malipo kwa wema wake. Serikali imkaribishapo jirani haitoi sadaka. Yalipa deni la ujirani. Mtu aliyekula kwa wenzake miaka mingi, kisha zamu yake ifikapo akafunga mlango, huku kwetu Singida twamwita mchoyo, hata kama ghala lake lina mtama kidogo.

Walakini mwenyeji mwenye akili humchinjia mgeni kuku aliye naye, wala hakopi ng'ombe ili aonekane tajiri. Wala hawafukuzi watoto uani, mgeni asione nguo zao. Mji ukipambwa, maskini wakaondolewa njiani, hilo naliogopa kuliko gharama yenyewe. Wakuu wale walikuja kunena habari za viwanda, biashara na kazi. Watanenaje sawasawa juu ya kazi pasipo kuwaona wasio nayo?

Jambo moja la mkutano ule lawahusu hata wasioalikwa: Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya nne ya jumuiya, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mkulima wa Iramba akisomewa maazimio yao kwa lugha aielewayo, aweza kuuliza fungu lake li wapi. Imebaki asomewe.