Maumivu Yasiyokwisha si Uvivu

Katika nyumba nyingi za Wakristu yupo mtu aamkaye akiumwa na kulala akiumwa: mama ambaye kiuno hakimpi nafasi ya kupalilia, baba ambaye mguu wamwaka moto toka nyonga hata kisigino, mzee aliyepona mkanda wa jeshi, lakini ngozi ingali yachoma. Hana jeraha wala homa. Basi wengine humwita mvivu, na wengine humwambia kwamba imani yake ni haba. Maneno hayo ni dhuluma, nasi twayakataa.

Madaktari huyaita maumivu yapitayo miezi mitatu kuwa ya kudumu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mara nyingi kidonda cha kwanza kimekwisha kupona, nayo mishipa ya fahamu na ubongo vyaendelea kupiga mbiu hata pasipo jambo. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, ila si kila mara yaonyesha kwamba mwili unaharibika.

Kwa hiyo kulala kitandani siku zote hakumfai mgonjwa. Misuli isiyotumika hudhoofika, viungo hukakamaa, na maumivu huzidi. Yafaa atembee kila siku kwa kipimo: akiweza dakika 10, na aanze na 5, kisha aongeze polepole. Siku ya nafuu asifanye kazi ya siku tatu, asije akalala juma zima. Maji ya uvuguvugu penye kukaza, usingizi wa saa zile zile, kupumua taratibu na mazungumzo ya upole hupunguza makali pasipo dawa.

Lakini tusidhani kwamba kukataa dawa ni utakatifu. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwafundisha madaktari kwamba ni halali kwa Mkristu kutumia dawa za kutuliza maumivu. Mwenye kisukari au ukoma asiache kamwe dawa ya ugonjwa wenyewe. Na ye yote ambaye mguu waanza kupooza, au ashindwaye ghafula kuzuia mkojo, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Katika kituo cha tano cha Njia ya Msalaba twamwona Simoni wa Kirene. Hakuuondoa Msalaba, aliutia bega. Bwana wetu mwenyewe alikubali kusaidiwa. Hiyo ndiyo kazi ya jamaa: kumsadiki asemaye naumwa, kumchotea maji, kutembea naye hata njia panda na kurudi, na kumwachia kazi aiwezayo ili asijione mzigo.

Enyi wazazi na watoto, kabla ya sala ya jioni mwulizeni mgonjwa wenu: Leo umeshindaje? Kisha msikilizeni mpaka amalize. Mwombeeni, na kesho asubuhi mmoja wenu atembee naye.