Ngwe ya Leo

Wazee husingiziwa kwamba wanajipinga: haraka haraka haina baraka, kisha ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukitazama vizuri, ile ya kwanza inamhusu aliyekwisha kushika jembe, na ya pili asiyeligusa bado. Mwenye tabia ya kuahirisha huikumbatia ile isiyomhusu.

Chukua ritani za kodi nchini Kenya. Kuziwasilisha huanza Januari na mwisho ni tarehe 30 Juni, na mwajiriwa mwenye fomu yake ya P9 kutoka kwa mwajiri mkononi hahitaji hata saa nzima. Lakini usiku wa mwisho ndipo saiba za intaneti hufurika, mtandao ukisuasua, mtu akisaka nywila aliyoisahau tangu mwaka jana huku faini isiyopungua shilingi 2,000 ikimkodolea macho. Mvivu? Pengine ni mwalimu anayekesha akisahihisha madaftari. Anachokwepa ni karaha: ile nywila, vile visanduku asivyovielewa, hofu kwamba huenda anadaiwa. Kila akisema "kesho", moyo hupoa, na kupoa huko ndiko kunakomfundisha kusema "kesho" tena. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, wanasaikolojia, waliliandika hilo mwaka 2013: anayeahirisha anatafuta nafuu ya moyo ya papo hapo, na gharama anamwachia yeye yule wa baadaye. Ndiyo maana kumpa ratiba nyingine, au kumgombeza, hakusaidii sana.

Wakulima wa zamani walikuwa na dawa bora kuliko makaripio. Shamba zima lilimtisha mtu, basi likagawanywa ngwe: kipande kilichopimwa, kinachoweza kumalizika kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyeulizwa kama ana ari asubuhi hiyo. Ukimaliza ngwe yako, unafuta jembe, unakwenda zako. Tena pembeni yuko mwenzako kwenye ngwe yake, anaona jembe lako likisimama. (Naamini macho yale yalilima nusu ya shamba.)

Kwa yule mwalimu, ngwe ya leo ni kuirudisha nywila, basi, hata tovuti asiipekue zaidi. Kesho amwombe mwajiri P9. Kujaza kuwe siku ya tatu. Na amwambie mtu wa nyumbani mwake mapema, yule asiyesahau kuuliza jioni.