Haki ya Shina

Je, uzuri wa mmoja waweza kuhalalisha kunyimwa nafasi kwa mwingine? Swali hili huulizwa zaidi katika siasa na dini. Mimi nimelikuta bustanini, nyumbani kwangu Tunguu, nikiwa na mkasi mkononi.

Bustani ni ndogo, lakini ina miwaridi ya namna nyingi. Upo wa zamani, wenye ua dogo la harufu nzuri, ambalo huingia katika kikuba pamoja na asumini na mrehani. Ipo pia ya kigeni, yenye maua makubwa, meupe, ya manjano na ya rangi ya damu ya mzee. Mengine hupendeza macho, lakini pua haipati kitu.

Mingi katika hii ya kigeni haisimami kwa miguu yake. Mkulima hutwaa kijicho cha mwaridi uzaao ua kubwa, akakipachika katika gome la mwaridi mwingine wenye mizizi ya nguvu. Wa chini hupambana na ukame na jiwe. Sifa na jina humwendea wa juu. Waridi liitwalo Peace, la Mfaransa Francis Meilland, lilitolewa kwa wakuu wa wajumbe waliokutana San Francisco mwaka 1945 kuunda Umoja wa Mataifa. Jina la ua likaenea duniani. Ni nani aliyeuliza habari za shina?

Mara nyingine shina hutoa chipukizi lake lenyewe. Wajuzi husema: likate, maana likiachwa litaumeza mwaridi uliobebwa. Shauri hili ni la kweli, na ukweli wake ndio ulionitia mashaka. Katika kisiwa ambacho hali ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, ni vigumu kuona mmoja akibeba na mwingine akisifiwa, usikumbuke jambo.

Labda msomaji atasema: mti si mtu, hauoni fedheha. Nakubali. Lakini mkono ushikao mkasi ni wa mtu, na mazoea ya mkono huufunza moyo. Azoeaye kuamini kuwa cha chini kipo kwa ajili ya cha juu tu, hatachelewa kuwatazama watu hivyo: mpishi, mfagizi, au mzee aliyeuza karafuu zake ili mwana asome, kisha mwana akaona haya kumtambulisha kwa wenzake.

Sisemi tusikate. Huruma isiyo na akili huua bustani nzima. Nasema kwamba ruhusa ya kukata si ruhusa ya kudharau, na kwamba anufaikaye na mbebaji ana deni. Deni hilo halilipwi kwa sifa peke yake. Hulipwa kwa nafasi.

Basi chipukizi nililolikata sikulitupa. Nililichomeka pembeni, likashika mizizi upesi, maana hiyo ndiyo kazi iliyoijua. Sasa linatoa maua madogo ambayo hayatashinda tuzo yoyote, na nyuki waliyaona kabla yangu. Mwaridi uliobebwa nao haukupungukiwa na kitu.