Karatasi ya Shangazi

Niliikuta nilipotumwa kutoa kanga sandukuni. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kuchomekwa kati ya doti mbili mpya ambazo shangazi yangu huzitoa siku za harusi tu. Niliifungua nikidhani ni risiti ya duka. Ilikuwa barua ya rufaa: jina lake, umri wake, miaka 44, na mistari miwili ya kalamu ya bluu kwamba kipimo cha siki kimeonesha doa jeupe kwenye mlango wa kizazi, aende hospitali ya mkoa. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka mmoja na miezi minane nyuma.

Nilikaa sakafuni. Kabla ya hofu, niliona aibu. Wiki ile ya upimaji niliikumbuka vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyempigia simu kutoka Dar es Salaam nikamwambia gari la matangazo likipita asibaki nyumbani. "Shangazi, kupima ni kuokoa maisha," nilimwambia, kama bango. Akaenda. Jioni akanitumia ujumbe: "Nimepima mwanangu." Nikamjibu kwa vile vikatuni vya makofi, nikaendelea na shughuli zangu. Sikuuliza majibu.

Kipimo chenyewe ni chepesi kiasi cha kushangaza. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa macho. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Doa hilo peke yake si saratani, na madoa mengine hayana maana yoyote. Chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi ni virusi vya HPV, ambavyo watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani, na miili ya wengi huvifukuza yenyewe. Vikikataa kutoka, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU na hajaanza dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Kwa hiyo doa jeupe ni habari ya namna yake. Halimwambii mwanamke kwamba ni mgonjwa, wala halimwachi aendelee kujiita mzima. Linamwambia kuna jambo linaloweza kutokea. Asubuhi ile shangazi alikuwa mwanamke anayeuza maandazi. Mchana aliporudi alikuwa bado anauza maandazi, ila sasa alikuwa na la kuficha sandukuni.

Nilipomwonesha karatasi hakushtuka.

"Irudishe ilipokuwa."

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Walisema niende mkoani. Mwezi wa kwanza sikuwa na nauli, wala wa kumwachia mjukuu. Mwezi wa pili nauli ikapatikana, nikaogopa. Wa tatu nikaona mbona siumwi." Akanyamaza kidogo. "Tena, mtu akianza safari hiyo mwisho wake Ocean Road. Na wa Ocean Road tunawajua wanavyorudi."

Sikuwa na jibu la haraka. Wanawake wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Kijijini tunawaona hao, wanaorudi wamechelewa, na lawama tunalitupia jina la hospitali badala ya miezi iliyopotea kabla yake.

Nilitaka kumwambia amekosea. Nilipofikiri zaidi sikuweza. Mtu mzima ana haki ya kutojua yaliyomo mwilini mwake, na haki hiyo naiheshimu. Lakini shangazi hakuitumia. Alikubali kujua. Alipanga foleni juani, akavua nguo mbele ya mgeni. Alichokosa ni njia ya kutoka kwenye kujua kwenda kwenye kutibiwa. Kumwambia kwamba "alichagua", wakati njia iliyokuwa wazi mbele yake ni ile ya kurudi nyumbani, ni kulionea neno lenyewe.

Kuna kisa cha New Zealand ambacho tangu siku ile hakinitoki kichwani. Kuanzia 1966, katika hospitali ya National Women's mjini Auckland, daktari Herbert Green aliwafuatilia wanawake waliokuwa na mabadiliko ya hatari kwenye mlango wa kizazi bila kuwapa matibabu kamili yaliyokuwa ya kawaida wakati huo. Aliamini mabadiliko hayo mara nyingi hayageuki saratani. Wanawake hawakuelezwa kwamba wamo katika utafiti. Baadhi walipata saratani, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1987 waandishi Sandra Coney na Phillida Bunkle walilianika jambo hilo katika jarida, na mwaka uliofuata tume ya jaji Silvia Cartwright ikatoa ripoti yake.

Siwafananishi wauguzi wa turubai la kijijini kwetu na Green. Yeye alikuwa na matibabu akayazuia. Wao walikuwa na siki na karatasi, na walifanya kazi waliyotumwa. Lakini seli za mlango wa kizazi hazijui kama umeachwa kwa makusudi au kwa kukosa nauli. Kwa mwili wa mwanamke, ameonwa na ameachwa, basi.

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Wilson na Jungner yenye kanuni 10 za kuwapima watu wasiojisikia kuumwa. Mojawapo inataka yawepo matibabu yanayokubalika kwa atakayekutwa na tatizo. Nyingine inataka viwepo vifaa vya kuchunguza na kutibu. Rafiki yangu anayesomea udaktari alizitafsiri hivi: pasipo na matibabu karibu, watu wasipimwe, kwa sababu ni kuwatia hofu bure. Tulibishana mpaka usiku. Hoja yake ina ukweli, ila ikiachwa peke yake itawafaa walio jirani na hospitali, na walio mbali watakosa hata siki. Mimi naona kanuni hiyo inadai kitu kingine: anayebeba siki abebe na matibabu. Inawezekana. Tiba mgando, na siku hizi mashine ndogo za kuunguza kwa joto, huondoa madoa mengi siku ileile bila kumlaza mtu. Pasipowezekana, basi abebe nauli, na jina la mtu atakayempokea mwanamke huko aendako.

Kwa maana kumpima mtu asiyeumwa ni kumwahidi. Mgonjwa humfuata daktari. Hapa ni sisi tuliomfuata mtu akikanda unga wake, tukamtoa kwake kwa kipaza sauti. Ukimfuata mtu ukamtia wasiwasi, una deni ambalo hukuwa nalo ulipokuwa kimya.

Malengo ya dunia kuhusu saratani hii kufikia 2030 ni nambari tatu: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakifika miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Mimi kwa simu yangu moja nilikuwa nimechangia nambari ya pili, nikajiona nimemaliza. Nambari ya tatu ilikuwa sandukuni, kati ya kanga.

Tulikwenda mkoani wiki iliyofuata, mabasi mawili. Doa lilikuwepo bado, halijawa saratani. Wakamtibu siku hiyohiyo, wakamwambia arudi baada ya mwaka. Tungeweza kukuta mengine. Hoja yangu ingebaki ileile, ila sidhani kama ningekuwa na nguvu ya kuiandika.

Kwenye basi la kurudi alikuwa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe una miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na mmoja."

"Umepima?"

Niliangalia dirishani. Wanashauri mwanamke aanze akifika miaka 30, na kwa anayeishi na VVU akifika 25. Hilo nalijua kwa moyo. Nilikuwa nimewaambia wengi.

"Bado, shangazi."

Sikusikia hotuba. Alifungua mkoba, akahesabu noti zilizobaki, akatenga mbili na kuzifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii ya nauli," alisema. "Sema siku. Nitakuja, tukae wote mpaka majibu yatoke."